Kilo Sita za Bisibisi

Njaa haina adabu. Inamkuta mtu katikati ya kazi, inajikaribisha tumboni bila hodi, na ukiivumilia kidogo inakuletea na ndugu zake: kizunguzungu, hasira, na kilio kisicho na sababu. Alasiri ile Siagi alikuwa na ukoo mzima. Alisimama mbele ya meza ndefu ya kukandia, unga umempanda hadi kwenye viwiko, na mikate mia mbili iliyotoka tanurini muda si mrefu ilikuwa imepangwa kwenye trei mbele ya pua yake, inafuka moshi. Siku kumi na moja alikuwa akiila mikate hiyo kwa macho.

Jina la Siagi alipewa na wenzake hapo bekari, na halikuwa na ubaya. Walimwita hivyo kwa ulaini wa ngozi yake, na kwa moyo wake uliokuwa mwepesi kuyeyuka. Ukimwambia neno tamu, anayeyuka. Ukimwambia neno chungu, anayeyuka vilevile, ila hilo linapitia machoni.

"We mwanamke," alisema Kidoti, rafiki yake wa kazi, mwembamba mwenye alama nyeusi juu ya mdomo, "ukizidi kuukodolea macho huo mkate utaota miguu ukimbie."

"Niache, Kidoti."

"Kula kipande. Kimoja tu. Mimi ni kaburi, simwambii mtu."

"Imebaki siku moja. Leo ndiyo niharibu?"

"Kwani kesho unakwenda kupimwa kama gunia? Unakwenda kukaa na wazee wapange siku ya harusi. Wazee hawapimi mtu."

"Huyo mama anapima," alisema Siagi, na hakutaka kuendelea.

Mama huyo alikuwa mama mzazi wa mchumba wake. Miezi miwili iliyopita Siagi alikwenda kwake kwa mara ya kwanza kutambulishwa. Alivaa vizuri, akasalimia vizuri, akainama ili akae. Kabla hajakigusa kiti, mama mwenye nyumba akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Ngoja, mwanangu. Hicho ni kiti cha marehemu mume wangu, kimechoka, hakitakuweza. Jamani, mleteeni kile cha chuma cha uani." Kikaletwa. Kilikuwa bado kina povu la sabuni, maana kazi yake ilikuwa kuwekewa beseni la kufulia. Mawifi wawili wakachekea puani. Na mchumba wake, mtu aliyemleta pale kwa mkono wake mwenyewe, akainamia kikombe cha chai utadhani kuna kitu kimezama humo anakitafuta.

Siagi alikaa kwenye kiti kile saa mbili nzima, gauni limelowa nyuma, akitabasamu. Aliporudi nyumbani alijifungia chumbani akalia mpaka dada yake akagonga mlango. Akaapa kwamba hataingia tena nyumba ile akiwa vile alivyo. Kesho yake akamwomba mchumba wake amtafutie mizani ya kujipimia, nzuri, isiyodanganya. Mizani ikasema kilo themanini na sita. Siagi akataka themanini. Kwa nini themanini? Hata yeye hakujua. Aliipenda tu ile sifuri mwishoni.

Ndipo zikaanza siku za supu ya kabichi. Kulikuwa na karatasi iliyozunguka kwa wanawake wa mtaa mzima, imekunjwa mpaka imechanika katikati, ikiahidi kilo tano kwa siku tisa. Siagi akanywa supu siku tisa, yai la kuchemsha moja kwa siku, basi. Kilo nne zikaondoka. Akaimba. Wiki mbili baadaye, kwa kula tu kama binadamu yeyote anavyokula, kilo nne zikarudi na moja ya ziada mgongoni. Akaingia raundi ya pili: maji ya ndimu na matango. Siku ya sita akaanguka kwenye ngazi za stoo akiwa amebeba ndoo ya hamira. Kilo tatu zikatoka, nne na ushee zikarudi.

Nesi wa zahanati aliyemfunga bandeji ya goti alimwambia bila kuzunguka: "Dada, hayo yanayokutoka haraka hivyo mengi ni maji. Mwili ukiunyima kwa ghafla unashtuka, unabana matumizi. Ukiufungulia, unadai vyake na vya jirani. Mtu anapungua polepole, mwezi baada ya mwezi, huku anakula."

"Mimi nina wiki tatu," alijibu Siagi.

"Basi una wiki tatu za kushinda njaa. Za kupungua huna."

Siagi alitoka pale amenuna. Siku kumi baadaye, kilo zikiwa zimesharudi, akaingia tena kwenye supu, raundi ya tatu, akianza na kilo themanini na tisa. Safari hii, ajabu, mambo yakaenda. Siku ya sita mshale uliporomoka kilo nyingi kwa mkupuo, na asubuhi ya leo, siku ya kumi na moja, ukasimama penyewe: themanini kamili. Alishuka, akapanda tena. Themanini. Akaibusu mizani, akaitia kwenye kikapu, akaja nayo kazini ili Kidoti awe shahidi.

"Haya, nione maajabu," Kidoti alisema sasa akifuta mikono. "Ila naanza mimi. Na mimi wiki ijayo naanza hiyo supu, nataka nijue natokea wapi."

"Wewe upungue nini? Ukigeuka ubavu hatukuoni."

"Kitambi cha chini. Hukijui wewe." Kidoti akavua kandambili, akapanda. Akaangalia chini, akapiga kigelegele. "Mungu wangu! Hamsini na nane, tena haijafika! Jumatatu zahanati walinipima sitini na mbili. Siagi, nimepungua kilo nne kabla sijaanza! Hiyo supu ni kiboko, inafanya kazi kwa kuisikia tu!"

Alicheka mpaka akashika meza. Siagi naye alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. Aliitazama mizani. Alimtazama Kidoti, ambaye tangu Jumatatu alikuwa amekula kila alichokutana nacho.

"Shuka," alisema.

"Mbona sauti hiyo?"

"Shuka, Kidoti."

Ukutani kulikuwa na rundo la mifuko ya unga, kila mmoja kilo ishirini na tano. Siagi alikuwa ameifungua mifuko hiyo miaka minane na aliijua kuliko alivyowajua jamaa zake. Aliuburuta mmoja, akaulaza juu ya mizani. Ishirini na tatu na kidogo. Akaongeza wa pili juu yake. Arobaini na sita na nusu. Hapakuwa na haja ya wa tatu. Kwa uzito wake yeye, upungufu huo ulikuwa kilo sita.

"Labda imeanguka," Kidoti alisema taratibu.

"Haijaanguka."

"Basi labda springi imelegea."

"Siku ya tano mchumba wangu aliichukua," Siagi alisema. "Alisema inakwaruza, anakwenda kuipaka mafuta. Akairudisha kesho yake. Siku ya sita ndipo nikaporomoka." Alikaa juu ya mfuko. "Kidoti, nimepakwa mafuta mimi. Kwa mgongo wa chupa."

Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni na kupiga.

"Mpenzi!" sauti ya upande wa pili ilikuwa na furaha. "Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Mizani imeharibika," Siagi alisema. "Njoo bekari. Njoo na bisibisi."

"Nakuja," ilisema sauti ile, furaha yote imeitoka.

Mchumba huyo kila mtu alimwita Fundi, kwa kuwa ufundi wa mizani ulikuwa kazi yake na ya baba yake kabla yake. Mabucha, maduka, stoo za nafaka, zahanati, wote mizani zao zilipita mkononi mwake, na pasipo stika yake ya ukaguzi wateja walikuwa na haki ya kulalamika. Sifa yake ilikuwa moja: hapindiki. Muuza nyama mmoja aliwahi kumtilia kilo mbili za steki kwenye mkoba ili afumbe jicho. Fundi akaipima ile nyama, akamwambia imepungua gramu mia, akamrudishia, na mizani akaifungia.

Hata mapenzi yao yalianzia kwenye mizani. Alikuja kukagua ile kubwa ya bekari, akamwona msichana anakata madonge ya mkate kwa mkono bila kupima. Akachukua matano akayapima moja moja. Yote nusu kilo, tofauti ya gramu tatu, nne. "Mkono wako hauna haja na mimi," alimwambia. "Sasa utakuja tena kufanya nini?" Siagi aliuliza. "Nitatafuta sababu," akajibu, na macho yake yakakaa usoni mwake muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Siagi akayeyuka. Alikuwa amechoka na wanaume wenye maneno mengi, na huyu alionekana mtu ambaye akikwambia kitu unaweza kukiegemea.

Dakika ishirini baadaye Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma, jasho linamtoka, mkoba wa kazi begani. Aliona mifuko miwili ya unga juu ya ile mizani ndogo, akasimama palepale.

"Salimia basi," Siagi alisema.

"Siagi wangu..."

"Usiniite wako kwanza. Bisibisi umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Safi. Nionyeshe ulipogusa. Nataka nijifunze kazi. Mtu anageuza kitu gani mpaka mwanamke apungue kilo sita amelala?"

Kidoti akaokota trei tupu akaenda nazo karibu na tanuri, akaanza kuzihesabu. Zilikuwa tisa. Alizihesabu muda mrefu sana.

"Niliogopa," Fundi alisema. "Ulianguka kwenye ngazi. Ukaamka, ukafunga goti, ukarudi kwenye supu. Nikikushika mkono ni wa baridi. Nikikuletea chakula unakilaza jikoni. Nilikuomba mara ngapi uache?"

"Mara nyingi."

"Ulinisikia?"

"Hapana."

"Basi nikasema, huyu anaitaka namba, ngoja nimpe namba. Akiiona atakula. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka ule, Siagi."

"Na nilipoiona nilifanya nini?"

Fundi alijipangusa uso kwa kiganja. "Ulisema dawa inafanya kazi. Ukakaza."

"Nikakaza! Nililala siku mbili na maji matupu, nikiamini kweli inashuka! Wewe unaniangalia! Jana nimepanda ngazi hizo nimeshika ukuta, unaniangalia, unajua!" Sauti ilimpanda, na kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu ilitoka nyembamba na kuvunjika, jambo lililomkasirisha zaidi. "Ungeniambia siku ile ile!"

"Ulifurahi sana. Ulinirukia shingoni. Ulikuwa hujanirukia shingoni tangu siku ya nyumbani kwa mama. Nikashindwa."

Hapo Siagi alikaribia kuyeyuka. Aliikumbuka ile siku, jinsi alivyomrukia, jinsi Fundi alivyomzungusha jikoni kwa dada yake mpaka kikombe kikaanguka. Furaha yote ile ilikuwa ya uongo, na mtu aliyemzungusha alikuwa anajua. Moyo ukamgeuka tena.

"Unajua nilikupendea nini?" aliuliza.

"Siagi..."

"Jibu. Unajua?"

"Kwamba sipunji."

"Mtu mzima alikupa steki ukamrudishia. Mji mzima unapima kwa neno lako. Mpaka muuza karanga pale nje hujampunja. Ukaona wa kumpunja ni mimi."

"Sikukupunja. Nilikuwa nakuhurumia."

"Mama yako alinidharau mwili, Fundi. Alisema mbele yangu, kwa mdomo wake, nikasikia. Wewe umenidharau akili, tena kwa siri. Bora yeye."

Fundi alirudi nyuma hatua moja, na uso wake ukabadilika. "Usinifananishe hivyo," alisema, na sasa naye sauti yake ilikuwa na hasira. "Mimi nilikwambia nini tangu mwanzo? Nilikwambia nakupenda ulivyo. Nilikwambia kilo sizijui. Wewe ndiye uliyeamua kujiua kwa sababu ya kiti!"

"Kwa sababu ya kiti?" Siagi alicheka kicheko kibaya. "Viti nimevikalia vingi. Wewe ulikuwa unaangalia nini ndani ya kile kikombe?"

Fundi aliushika mkanda wa mkoba wake.

"Saa mbili nzima," Siagi alisema polepole. "Niliangalia upande wako saa mbili nzima. Ungesema neno moja. 'Mama, haifai.' Ungekaa tu wewe kwenye kile cha chuma ukanipa mimi chako. Nisingeijua supu ya kabichi ina rangi gani."

Hapo hodi ikabishwa mlango wa mbele, na aliyebisha hakungoja kukaribishwa. Alikuwa ni mama yake, amejitanda vizuri, mkoba mkononi, anapeperusha mkono mbele ya uso kwa joto la tanuri. Wanasema ukimtaja mtu yupo njiani, lakini huyu alikuwa kama aliyekuwa amejibanza dirishani.

"Shikamoo, mama," Siagi alisema. Adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe upo hapa, kijana? Vizuri. Nimekuja kuagiza mikate midogo arobaini ya wageni wa kesho. Nikasema, niende kwa watu wangu mwenyewe, kwa nini niwape wengine?" Kisha akarudi nyuma kidogo ili aone vizuri, na uso ukamchanua. "Hebu geuka! Geuka nikuone! Mwanangu, umepungua!"

Siagi hakugeuka.

"Huyu aliniambia kilo sita, nikadhani anakupamba," mama aliendelea, akimnyooshea Fundi kidole kwa furaha. "Wanaume wakipenda wanasema lolote. Kumbe kweli! Naona kabisa usoni, na hapa kiunoni, sasa kiuno kinaonekana. Sasa hata mtu akiniuliza mkwe wako yupi, namwonyesha bila kutafuta maneno."

Siagi alimgeukia Fundi. "Na mama ulimwambia?"

Fundi aliangalia sakafu.

Kuna hasira ya kelele, na kuna hasira inayomtuliza mtu. Siagi alihisi imekuja hii ya pili. Kizunguzungu kilikuwepo, lakini kichwani palikuwa peupe.

"Mama, umeona nimepungua?"

"Nimeona kwa jicho langu, mwanangu. Jicho langu halijawahi kunidanganya."

Siagi alivua viatu. Alikwenda kwenye ile mizani kubwa ya bekari, ile ya kupimia mifuko, iliyokuwa na stika ya mwezi huu na sahihi ya Fundi juu yake. Akapanda. Mshale ukayumba, ukatulia. Hakuuangalia.

"Fundi," alisema. "Msomee mama."

"Siagi, twende pembeni tuongee."

"Msomee."

"Mna nini nyie?" mama aliuliza, tabasamu likianza kumfifia.

Fundi alisimama na mkoba wake begani. Siagi alimtazama. Mwaka mzima wa mapenzi ulikuwa umesimama pamoja naye juu ya kile chuma. Alijua kwamba kama Fundi angenyamaza tena, kama angetafuta kikombe kingine cha kuangalia, basi ingekuwa mwisho wao, na angeshuka na kuvaa viatu na kumpenda peke yake mpaka apone. Alimwona akimtazama mama yake, kisha mlango, kisha yeye.

Fundi akaja, akainama mbele ya mizani.

"Themanini na sita," alisema.

"Kwa sauti."

"Themanini na sita, mama."

"Hiyo mizani ni mbovu," mama alisema upesi. "Ya unga hiyo. Wewe uliniambia themanini."

"Si mbovu, nimeikagua mwenyewe. Mbovu ni ile ndogo pale chini, na aliyeiharibu ni mimi. Nilikudanganya, na yeye nilimdanganya." Alikuwa amejiinua wima. "Alipokuja nyumbani siku ile alikuwa themanini na sita. Kesho yake nilimpima mwenyewe. Amekaa na njaa miezi miwili, ameshuka na kupanda, amerudi palepale. Yule uliyemtolea kiti cha sabuni na huyu unayemsifu sasa ni mtu mmoja, mama. Hajapungua hata chembe."

Mama alibaki ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alimtazama Siagi upya, kuanzia usoni hadi miguu iliyokuwa pekupeku juu ya chuma, kama anayetafuta kile kiuno alichokiona dakika moja iliyopita.

"Kwa hiyo mbaya ni mimi," alisema hatimaye.

"Mbaya zaidi ni mimi. Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

"Unanivua nguo mbele ya watu wa kazi! Mimi niliyekuzaa!"

"Yeye pia alivuliwa mbele ya watu, mama."

Mama aliutia mkoba kwapani. Akajitanda vizuri ingawa hapakuwa na kilichoharibika. "Hiyo mikate msihangaike nayo," alisema, na akatoka, akiuacha mlango wazi.

Siagi alishuka. Ilibidi ashike meza ili avae viatu, na Fundi alipomnyooshea mkono hakuukataa, wala hakuushika. Ulibaki hewani mpaka alipourudisha mwenyewe.

Alikuwa ameyasikia sasa. Maneno aliyoyangoja saa mbili nzima kwenye kiti kilicholowa, aliyoyalilia chumbani, yametoka, mbele ya mama, kwa sauti. Alidhani siku atakayoyasikia angemrukia shingoni. Alijitafuta ndani, akakuta anampenda, anampenda kweli, mpaka inaudhi. Na hasira nayo ilikuwa palepale, haijapungua.

"Nimesema," Fundi alinong'ona.

"Umesema. Asante." Alivuta pumzi. "Yangenifaa zaidi siku ile, sebuleni kwenu."

"Najua."

"Kesho wazee wetu hawatakuja."

Uso wa Fundi ulisinyaa. "Siagi, usifanye hivyo. Mama nitazungumza naye, atatulia, yeye hasira zake..."

"Si kwa sababu ya mama yako. Mama yako nitakaa naye, tutanuniana, tutazoeana, kama wakwe wote. Wewe ndiye sijui nitakaa nawe vipi. Nikiumwa utaniambia naumwa? Nikikosea utaniambia nimekosea, au utakwenda kugeuza kitu chini ya meza ili nifurahi?"

"Nitakwambia."

"Sijui bado. Nipe muda nijue."

"Muda gani? Wiki? Mwezi?"

"Nimechoka na kuhesabu siku, Fundi. Usinipe na wewe hesabu."

Fundi aliushusha mkoba. Aliinama, akaondoa mifuko ya unga mmoja mmoja, akairudisha ukutani, akaitia ile mizani ndogo kwenye mkoba wake. Mlangoni akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli," Siagi alisema. "Umeanza leo, usiache."

Aliondoka. Hatua zake zilisikika uani, zikasita mara moja, na Siagi akashika ukingo wa meza kwa nguvu ili miguu yake isimfuate. Kisha zikaendelea, mpaka zikapotelea kwenye kelele za barabara.

Kidoti alikuja taratibu na trei zake tisa, akaziweka chini. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na neno la mzaha. Alichukua mkate mmoja uliokuwa bado wa vuguvugu, akaukata katikati, akaupaka siagi pande zote mbili, akausogeza mezani.

Siagi aliutazama. Akaketi juu ya mfuko wa unga, akauchukua kwa mikono miwili, akauma. Machozi yakaja papo hapo, mengi, yakitiririka hadi kwenye mkate, na hakuyafuta. Alilia na kutafuna, akatafuna na kulia, na hakuna alichokiacha kati ya viwili hivyo mpaka mkate ulipokwisha.